Nani Kasema Daraja Lina Ufa?

Jina la nchi yenyewe halitatajwa hapa. Si kwa woga, maana yote yaliyotokea huko ni ya kusifiwa tu. Ni kwamba katika nchi hiyo huwezi kutaja jina la nchi bila kueleza nani alilitaja kabla yako, lini, na alikuwa na cheo gani alipokuwa akilitaja, na hadithi ikianza hivyo haitafika popote kabla ya chakula cha mchana. Basi tuiite nchi tu, na wenyewe watajijua.

Nchi hiyo ilikuwa na Sheria ya Nani Kasema. Ilizaliwa safarini. Mheshimiwa Rais alikwenda kwenye mkutano ughaibuni, akasimama mbele za watu, akatangaza kwamba wananchi wake ndio wenye furaha kuliko wote duniani. Mjumbe mmoja kutoka nchi za baridi, mtu mwembamba mwenye miwani, akanyoosha kidole na kuuliza kwa upole, "Nani kasema?" Mheshimiwa akageuka kuwatazama washauri wake. Washauri wakatazama viatu vyao. Rais akarudi nyumbani amenuna njia nzima, na kabla mizigo haijashushwa kwenye ndege, Bunge lilikuwa limeshapitisha sheria kwa vifijo na nderemo: kuanzia siku hiyo hakuna neno litakaloandikwa katika waraka wa serikali bila rejeo la kuonyesha limetoka kwa nani.

Mwanzoni watu walidhani ni utani. Kumbe wapi! Karani akiandika "leo ni Jumatatu" ilimbidi aweke tanbihi chini ya ukurasa kumtaja aliyeitangaza Jumatatu hiyo. Kibao cha choo cha wanaume katika jengo la Hazina kilikuwa na marejeo manane, na waliobanwa walitakiwa kuyasoma mpaka mwisho ndipo waingie. Hakimu mmoja aliahirisha kesi ya wizi wa kuku kwa sababu shahidi alidai kwamba aliamka asubuhi, na alipobanwa hakuweza kutaja chanzo chochote cha kuaminika zaidi ya jogoo. Jogoo mwenyewe ndiye aliyekuwa ameibwa.

Katika Wizara ya Madaraja na Vivuko, mkuu wa Kitengo cha Marejeo alikuwa Bi. Chiku Mavura. Bi. Chiku aliipenda kazi yake kama mtu anavyopenda kiatu kinachombana: hakuna aliyejua kwa nini, na yeye alishazoea. Alijua kupanga tanbihi zikapangika, alijua kurefusha orodha ya marejeo mpaka ikawa nene kuliko taarifa yenyewe, na kila alipofunga kitabu kipya alikipigapiga mgongoni kwa mapenzi. Hakuwahi kujiuliza kama kuna mtu anayesoma. Kusoma ilikuwa kazi ya kitengo kingine.

Kazi ngumu ilikuwa itifaki. Tunaambiwa kwamba kwa wenzetu orodha ya marejeo hupangwa kwa herufi, na hata nchi hiyo ilianza hivyohivyo. Lakini siku moja iligundulika kwamba katika Mpango wa Taifa wa Mbolea, mwalimu mmoja wa shule ya msingi aitwaye Abdi amekaa kileleni mwa orodha, na Mheshimiwa Waziri Zongo yuko mkiani kabisa, chini ya fundi mmoja wa mabeleshi. Waziri alilazwa kwa shinikizo la damu. Tangu hapo marejeo hupangwa kama viti vya jukwaa kuu: Rais kwanza, kisha Makamu, Spika, Jaji Mkuu, mawaziri kwa tarehe za kuapishwa, makatibu wakuu, wakuu wa mikoa, na kuendelea kushuka mpaka kwa wataalamu, ambao huwekwa mwisho pamoja na marehemu.

Na aliyetenguliwa uteuzi wake hutolewa katika orodha siku hiyohiyo, pamoja na kila kitu alichowahi kusema. Wanasheria walikaa wakaona hiyo ndiyo haki. Haiwezekani, walisema, mtu anyang'anywe gari halafu aachiwe ukweli.

Sasa, kulikuwa na daraja. Lilipita juu ya Mto Lukwale katika mji wa Kibambale, kwa kuwa waliopanga mji huo waliwaweka watu ng'ambo hii, na soko, shule na zahanati wakaviweka ng'ambo ya pili. Kibambale ndiko alikozaliwa Bi. Chiku, na mama yake, Bi. Siwema, alilivuka daraja hilo kila asubuhi na beseni la maandazi kichwani.

Bi. Chiku alikwenda kumsalimu mama yake sikukuu ya Idi. Walipokuwa wakivuka pamoja, katikati ya daraja kisigino cha kiatu chake kikanasa. Akainama kukinasua, akaona maji.

"Usisimame hapo, mwanangu," Bi. Siwema alisema bila kugeuka. "Halipendi mtu asimame."

"Mama! Hili daraja lina ufa!"

"Huo si ufa tena, huo ni dirisha. Juzi mbuzi wa Mwantumu alitia kichwa akawa anaangalia samaki."

"Na nyie mnapita tu?"

"Tupite wapi? Turuke kama kunguru? Tunapita mmojammoja, tunabana pumzi, tunasoma dua. Sasa wewe si uko hukohuko kwenye wizara ya madaraja? Si uwaambie!"

"Nitawaambia, mama. Kabla ya masika."

Masika yakija, Lukwale hufura mpaka maji yakagonga mbavu za daraja, na mtu yeyote mwenye macho angejua kwamba safari hii halitastahimili. Bi. Chiku alirudi makao makuu roho juu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi alikuwa na jambo la kusema, na hakujua kwamba hilo ndilo lingekuwa tatizo.

Aliandika Taarifa ya Kitaifa Kuhusu Hali ya Daraja la Lukwale. Ilikuwa na kurasa zaidi ya elfu moja, kwa sababu taarifa fupi hazikuruhusiwa kuingia mlango wa mbele. Katibu Mkuu wa wizara, Dokta Profesa Kilumba Mweta, aliipekua huku amelowesha kidole kwa ulimi, akafika ukurasa wa mia nne na sita, akasimama.

"Hapa umeandika 'daraja lina ufa'. Nani kasema?"

"Mhandisi Tulo, mheshimiwa. Ameupima."

Mhandisi Tulo, mtu mfupi mwenye vumbi la kudumu mabegani, akasimama. "Ni kweli, mheshimiwa. Mkono wangu uliingia mpaka kwapani."

"Mkono wako una cheo gani?"

"Mheshimiwa, ufa upo. Nimeutia mkono."

"Sijauliza kama mkono ulikuwapo, Tulo. Nimeuliza kama una cheo." Dokta Profesa akamgeukia Bi. Chiku. "Na wewe?"

"Mimi nimeuona kwa macho yangu, mheshimiwa."

"Kujirejea mwenyewe ni majivuno. Kifungu cha tisa. Nenda katafute mtu."

Basi Bi. Chiku akaingia maktaba ya hotuba. Alisoma hotuba za mawaziri mpaka macho yakamuwasha. Alisoma kuhusu nyuki, kuhusu nidhamu, kuhusu umuhimu wa hotuba. Hakuna aliyewahi kulitaja Daraja la Lukwale. Alikuwa ameshakata tamaa alipokuta hotuba ya Mheshimiwa Zongo kwenye harambee ya kununua sare za kwaya, ambako Waziri, akiwa ameshiba vizuri, alitamka haya: "Hakuna kitu kisicho na ufa katika dunia hii, isipokuwa Chama chetu."

Bi. Chiku aliisoma tena. Daraja si Chama. Kwa hiyo, kwa mujibu wa Mheshimiwa Waziri, daraja lina ufa! Aliruka akapiga kigelegele maktabani, akatozwa faini, akalipa huku anacheka.

Dokta Profesa Mweta hakukubali kirahisi. Aliandika kwanza kwa makao makuu ya Chama kuuliza kama Daraja la Lukwale ni mwanachama. Jibu likaja kwamba jina lake halimo, ingawa linakaribishwa. Ndipo akatia saini. Ufa ukawa ufa, taarifa ikapelekwa kwa wafunga vitabu, na Bi. Chiku akampigia simu mama yake kumwambia kwamba mafundi watafika kabla ya mvua.

Mchana huohuo redio ikatangaza kwamba uteuzi wa Mheshimiwa Zongo umetenguliwa, kwa sababu zitakazoelezwa akishasahaulika.

Wizara nzima ilikimbilia kwenye rafu. Ilikuwa kazi pevu, maana Zongo alikuwa msemaji. Kila tanbihi yake ilifutwa, namba zote zikahama, ya kumi ikawa ya tisa, ya tisa ikawa haipo, na kwa wiki nzima Sera ya Taifa ya Uvuvi ikawa inaeleza namna ya kumvua samaki magamba kwa kutumia ndoa za mitala. Ikagundulika kwamba Zongo ndiye pekee aliyewahi kusema hadharani, kwenye semina ya wenye hoteli, kwamba jua huchomoza mashariki. Kalenda ya serikali ikarekebishwa haraka, ikasema kuwa jua litaendelea kuchomoza upande utakaotangazwa.

Na ufa ukazibika. Ukurasa wa mia nne na sita sasa ulisomeka kwamba daraja halina ufa wowote unaojulikana.

Siku chache baadaye Bi. Siwema akapiga simu. "Mwanangu, wamekuja watu wa wizara yenu."

"Mafundi?" Bi. Chiku aliuliza.

"Wa kibao. Wametuletea kibao kizuri, cha rangi. Kimeandikwa UFA HUU UMETENGULIWA. Sema walipokuwa wanakipigilia, nyundo yao ilidondokea ufani, sasa wanatuuliza sisi nyundo imekwenda wapi."

"Mama, msipite tena hapo."

"Tusipite, tule nini? Na mlimani mvua imeshaanza, maji yamebadilika rangi. Fanya hima, mama."

Bi. Chiku alikaa akiitazama simu. Aliona aibu, na aliona hasira, na zaidi ya yote aliogopa, maana alikuwa akimwona mama yake katikati ya lile daraja na beseni kichwani. Akawaza: mawaziri wanatenguliwa kila mwezi. Nani asiyetenguliwa? Akachukua mkoba wake akaenda Ikulu, kwa Afisa Itifaki Mkuu, Bwana Fikirini.

Bwana Fikirini alikuwa mtu wa tai na uso usiokunjuka. Alimweleza mambo kwa utaratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kushika kijiko.

"Kauli ya Mheshimiwa Rais haitenguliki, Bi. Chiku. Lakini si kila anachotamka ni kauli. Rais akisema 'nasikia njaa' kabla ya kusalimia wageni kwa vyeo vyao, hiyo ni fununu tu."

"Na akishawasalimia wote?"

"Akishawasalimia wote, akatamka 'itifaki imezingatiwa', ndipo akasema anasikia njaa, hiyo sasa ni njaa ya taifa."

Kwa bahati Rais alikuwa hajazindua kitu tangu mwezi uanze, na mikono ilikuwa ikimwasha. Bwana Fikirini aliuliza kama wizara ina chochote. Bi. Chiku akasema kuna daraja. Jipya? Si jipya sana. Basi, akasema Bwana Fikirini, atalizindua upya. Bi. Chiku alitoka Ikulu anatembea kama anayecheza. Rais atafika, ataona dirisha la mbuzi kwa macho yake, atasema, na akishasema yeye hakuna wa kupinga.

Furaha hiyo ilidumu mpaka alipoona hotuba iliyoandaliwa. Waandishi wa Ikulu nao walifungwa na Sheria ya Nani Kasema, na taarifa pekee iliyokuwapo nchini kuhusu Daraja la Lukwale ilikuwa ya kwake, ile iliyozibwa. Wakaitumia kwa uaminifu mkubwa. Aya ya kwanza baada ya salamu ilisema: "Daraja hili ni zima, na litabaki zima milele."

Rais akishalisema hilo, hakuna fundi atakayethubutu kuligusa daraja, maana nani atengeneze kilichotamkwa kizima na Rais? Bi. Chiku alimkimbilia Bwana Fikirini, akamweleza, akamsihi, akafika mahali pa kumwita kaka.

"Nimekusikia, dada yangu," Bwana Fikirini alisema. "Una rejeo?"

Siku ya uzinduzi, jukwaa lilijengwa juu ya daraja lenyewe, ili picha zitoke vizuri na mto uonekane nyuma. Waliletwa masofa ya ngozi kwa waheshimiwa, zulia jekundu, mahema mawili, bendi ya matarumbeta, na fahali mmoja mnono ambaye wilaya ilitaka kumzawadia Rais. Mawaziri karibu wote walikuwapo, na wengi wao walikuwa watu wa kuheshimika hata kwa mizani. Katikati kabisa, palipo na ufa, zulia lilitandikwa mara mbili. Na hapo, nyuma ya masofa, walipangwa wanawake wa Kibambale kuwa Wananchi Wenye Furaha. Bi. Siwema alikuwa mstari wa mbele, na kibendera mkononi.

Bi. Chiku alikuwa amesimama kando ya mimbari. Kwa kuwa orodha ya salamu na orodha ya marejeo zilikuwa kitu kimoja, kazi ya kuichapa alipewa yeye, na kwa kuwa salamu zilijaza kurasa nyingi, ndiye aliyekuwa akimpa Rais ukurasa mmoja baada ya mwingine. Ilijulikana kuwa Mheshimiwa husoma chochote kinachowekwa mbele yake. Aliwahi kusoma cheti cha dawa za meno za Makamu wake, na Bunge likakipitisha kwa kauli moja.

"Mheshimiwa Makamu wa Rais," Rais alianza kwa sauti nzito. "Mheshimiwa Spika. Mheshimiwa Jaji Mkuu."

Daraja likalia, kwa sauti ndefu, kama mlango wa zamani. Kila mtu alisikia. Mawaziri walitazamana. Hakuna aliyesema neno, maana hakuna aliyekuwa na rejeo.

"Waheshimiwa mawaziri mliopo. Waheshimiwa mawaziri mlio njiani."

Likalia tena, na sofa la Spika likaserereka kidogo upande wa kushoto. Spika akaendelea kutabasamu, akawa anaserereka huku anatabasamu. Nyuma, Bi. Siwema alimgusa askari wa usalama begani.

"Baba, hapa tunakwenda chini."

"Nani kasema?"

"Mimi, Siwema. Muuza maandazi."

Askari akafungua orodha yake, akaipitishia kidole toka juu mpaka chini. "Hayumo," akasema, akaifunga.

Bi. Chiku aliyasikia hayo. Aliutazama ukurasa uliobaki mkononi: wakuu wa wilaya, wenyeviti wa halmashauri, marafiki wa maendeleo, na baada ya hapo ile aya ya daraja zima milele. Alimtazama mama yake, ambaye alikuwa ameanza kusoma dua na kibendera bado kimeinuliwa. Maisha yake yote hakuwahi kuandika sentensi isiyo na mtu nyuma yake. Akageuza ukurasa upande mweupe, akachomoa kalamu, akaandika mistari mitatu kwa herufi kubwa, akamkabidhi Rais kwa mikono miwili kama ilivyo adabu.

Rais akautazama. Akarekebisha miwani.

"Na wageni wengine wote kwa vyeo vyenu, itifaki imezingatiwa," akasoma. Akakohoa, kama kawaida yake kabla ya jambo zito. "Ndugu wananchi. Daraja hili linavunjika. Naagiza watu wote tushuke."

Wakapiga makofi. Walisimama wakapiga makofi, bendi ikapiga matarumbeta, na daraja zima likayumba kwa shangwe. Ni Bwana Fikirini peke yake aliyekuwa akitazama juu, midomo ikichezacheza, akihesabu. Salamu zimekamilika. Maneno ya itifaki yametamkwa. Kauli imefuata.

"Ni kweli!" akapaza sauti. "Daraja linavunjika! Ni rasmi!"

Hapo ndipo hofu iliporuhusiwa. Lakini watu wale walikuwa na malezi. Rais akashuka kwanza, taratibu, akipunga mkono. Kisha Makamu. Kisha Spika, ambaye ilibidi avutwe kutoka kwenye sofa. Ilipofika zamu ya mawaziri, Waziri wa Mifugo na Waziri wa Utamaduni wakasimama, maana waliapishwa siku moja.

"Tangulia, mheshimiwa."

"Hapana, mheshimiwa, wewe uliapa kabla ya chai."

"Lakini wewe ulitajwa kwanza kwenye gazeti."

Zulia likawa linainama kuelekea mtoni. Fahali, ambaye hakuwa na cheo, aliwapita katikati akaenda zake.

Na wanawake wa Kibambale? Bi. Chiku, aliyekuwa ameshuka nyuma ya Rais amebeba kurasa zake, aliwatafuta kwa macho, roho ikiwa mkononi, kwa kuwa katika mpangilio ule wao walikuwa chini ya kila mtu na zamu yao ingefika daraja likiwa tayari mtoni. Lakini hawakuwamo kwenye orodha. Na kwa kuwa hawakuwamo, hakukuwa na zamu ya kuwazuia. Rais alipomaliza tu kusoma, walikunja khanga wakaondoka kwa upande wa pili, na Bi. Siwema alikuwa ameshakanyaga nchi kavu, anakung'uta viatu, wakati mawaziri bado wanabembelezana. Bi. Chiku alipomwona alikaa chini palepale kwenye nyasi za ukingoni.

Mtu wa mwisho kushuka alikuwa Bwana Fikirini, akiweka alama ya vema kwenye jina la mwisho. Kisha Daraja la Lukwale likakatika katikati, palepale penye kibao, likaondoka na masofa, mahema, zulia na tarumbeta kubwa kuliko zote. Hakuna hata mtu mmoja aliyelowa.

Tume ikaundwa. Ilikaa hotelini kwa muda unaostahili, ikatoka na matokeo yaliyoandikwa vizuri. Daraja, tume ilisema, lilikuwa zima kabisa kwa mujibu wa nyaraka zote. Rais akasema linavunjika, nalo likavunjika. Hivyo sababu ya kuvunjika ni nguvu ya kauli ya Rais. Alitunukiwa nishani ya dhahabu, na ikaazimiwa kwamba, kwa usalama wa taifa, asitaje kitu kingine chochote kibovu.

Dokta Profesa Mweta alimwita Bi. Chiku, akafunga mlango.

"Yale maneno," akasema kwa sauti ya chini. "Yaliandikwa na nani?"

"Ni maneno ya Mheshimiwa Rais, mheshimiwa. Au wewe unasema si yake?"

Jasho likamtoka Dokta Profesa. "Mimi? Nani kasema mimi nimesema?"

Mambo yakaishia hapo. Ukurasa wa mia nne na sita ukarekebishwa, rejeo likawekwa, la kwanza kabisa katika orodha, na Taarifa ya Kitaifa Kuhusu Hali ya Daraja la Lukwale ikapitishwa bila kupingwa. Ilifungwa kwa jalada gumu la kijani. Bi. Chiku alipewa nakala na cheti cha pongezi.

Aliipeleka Kibambale katikati ya masika. Mto ulikuwa umefura, rangi ya chai ya maziwa. Watu wa pale walikuwa wamefunga mapipa matupu kwa kamba, wakatandika mbao juu yake, wakavusha kamba nene kutoka mti wa ng'ambo hii hadi mti wa ng'ambo ile, na mtu akitaka kuvuka alipanda na kujivuta mwenyewe. Bi. Siwema alikuwa ameshapanda, beseni miguuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ndiyo taarifa? Imepita?"

"Imepita, mama."

"Inasemaje?"

Bi. Chiku akaifungua akatafuta ukurasa. Kurasa zilikuwa mpya, zimegandana. "Inasema daraja limevunjika."

Bi. Siwema akageuka akautazama mto. Nguzo mbili zilikuwa zimesimama peke yake, na sofa la Spika limenasa kati yake, kunguru amekaa juu. Akatikisa kichwa polepole, kwa heshima zote.

"Haya, afadhali," akasema. "Maana sisi huku tulikuwa tunahisi tu."

Bi. Chiku alicheka mpaka akainama. Alipoacha kucheka machozi yalikuwa bado yanatoka, akayafuta kwa kiganja, hakuona haya.

"Na daraja jipya, mwanangu? Wamesema lini?"

"Maombi nimeshayaandika, mama. Yamerudishwa. Wanataka rejeo."

"La nini tena?"

"La kwamba huku kuna watu."

Bi. Siwema alimtazama binti yake, kisha akawatazama wenzake waliojipanga nyuma yao na mabeseni, na watoto wa shule waliovua viatu wakavifunga shingoni. Akasogea kidogo kumpisha nafasi juu ya mbao.

"Panda," akasema. "Hicho kitabu kiache hapo kwenye nyasi, kizito. Shika kamba."

Bi. Chiku akakiweka kitabu chini, akapanda, akashika kamba, wakaanza kuvuta.